Kujaza bori la kiko katika hewa ya Unguja

Ukifuata neno kwa neno maelezo ya kujaza kiko yaliyoandikwa Uingereza au Marekani, kisha ukavuta barazani Unguja au Wete, utapata kiko kinachozimika kila baada ya pafu nne, kinachokoroma maji ndani, na kinachokuachia ulimi umeungua. Maelezo yale hayana kosa kwa walioandikiwa. Hewa ya ndani ya nyumba zao zinazopashwa moto ni kavu, na wasiwasi wao mkubwa ni tumbaku isije ikakauka ikawa vumbi. Huku kwetu unyevu wa hewa hukaa karibu na asilimia 80 sehemu kubwa ya mwaka, na masika hupanda juu ya hapo. Tumbaku hunyonya maji hayo yote bila ya kuombwa. Kwa hivyo nusu ya kazi ya kujaza bori, kwa maoni yangu, humalizika kabla hujalishika bori lenyewe.

Tuelewane kwanza kwa majina. Bori ni kichwa cha kiko, pale inapokaa tumbaku na moto. Digali ni shina linalotoka ndani ya bori. Shilamu ni kile kipande kinachoingia mdomoni. Ninazungumzia kiko kikavu cha mkononi. Kile cha maji, chenye kifuu cha nazi au kibuyu, kina mambo yake mengine.

Bori la kawaida lina upana wa ndani wa milimita 18 hadi 20 na kina cha milimita 35 hadi 40. Chini kabisa pana tundu la moshi la milimita 3.5 hadi 4. Hapo hujaa gramu 2 hivi za tumbaku, na moto ukienda sawa huchukua dakika 40 au zaidi. Viko vingi vya mbao huchongwa kutokana na fundo la mzizi wa Erica arborea, mti wa pwani za Mediterania, kwa sababu mbao yake hustahimili moto na hunyonya maji kidogo kidogo. Wapo wanaotafuta viko vya zamani vya Arusha vyenye chapa ya Kiko na alama ya tembo, vilivyotengenezwa kwa madini meupe mepesi ya bonde la Amboseli. Ukikipata kizima, usikiache: madini yale hayaungui, na hunyonya maji kuliko mbao. Lakini kwa anayeanza visiwani mimi humshauri kiko cha gunzi la muhindi. Ni rahisi, kinanyonya unyevu vizuri, na kikiharibika hakiumizi roho.

Tumbaku yenyewe si kila inayouzwa sokoni inafaa. Ile ya kutafuna inayouzwa pamoja na tambuu na popoo ni kali mno kwa kiko, na ikiwa tayari imeshachanganywa na chokaa au magadi usiiweke motoni kabisa. Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto, kama inayolimwa Tabora na Urambo, ina sukari nyingi. Ni tamu, lakini huwaka kwa joto kubwa na ndiyo inayochoma ulimi wa mwenye pupa. Tumbaku ya moshi ya upande wa Songea, inayokaushwa kwa moshi wa kuni, ni nzito na yenye harufu ya kuni. Sehemu yake moja kwa nne za ile ya mvuke hupoza mchanganyiko vizuri. Ya msokoto ikatwe kwa wembe au kisu kikali, vipande vya unene wa milimita 1, kisha visuguliwe baina ya viganja mpaka viachane kuwa nyuzi. Ukikata nene zaidi, moto huishia juu.

Watu huniuliza habari ya karafuu, maana ipo kila nyumba. Ni kweli Waindonesia hutia karafuu katika sigara zao, na karafuu zetu nyingi zilikwenda huko kwa kazi hiyo hiyo. Ndani ya kiko ni hasara. Mafuta yake huingia katika ukuta wa bori na hayatoki tena. Kila utakachovuta baadaye kitakuwa na ladha ya karafuu, na punje huruka cheche. Anayetaka kujaribu atenge kiko cha gunzi kwa ajili hiyo tu.

Sasa unyevu. Tumbaku ya kiko huvutika vizuri ikiwa na maji ya asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake. Kipimo cha nyumbani ni vidole: chukua ya kujaza bori moja, ibane kwa dole gumba na vidole viwili kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, kisha iachie. Ikibaki imegandamana, imelowa. Ikifunguka polepole bila ya sauti, iko sawa. Ikilia kakara na kumwaga unga, imepita. Visiwani hutaiona ile hali ya tatu isipokuwa umeisahau juani.

Kuiacha sahanini usiku kucha, kama wanavyoshauri wenzetu, huku ni kuilowesha. Asubuhi utaikuta na maji zaidi ya jana. Tandaza gramu 2 au 3 tu, tabaka moja jembamba, juu ya sinia au karatasi nyeupe isiyo na maandishi, uiweke juani kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kaskazi ikipiga, dakika 10 zinatosha. Siku za kipupwe zenye mawingu zifike 20. Ipindue kwa vidole mara moja katikati. Ukiitoa juani usiipime papo hapo, kwani majani yakiwa na moto hulainika na kudanganya vidole. Ipumzishe kivulini dakika 5, pima, kisha jaza. Ikikaa nje saa nzima baada ya hapo, umerudi ulikoanza. Kiko chenyewe kibaki ndani: shilamu nyeusi ya mpira mgumu ikipigwa na jua hugeuka rangi ya kijani kibichi iliyofifia na kutoa ladha ya kiberiti.

Mvua ikishika siku tatu mfululizo, pana njia mbili. Ya kwanza ni bati au kifuniko cha sufuria kando ya jiko la mkaa likiwa linazimika, dakika 5, na mkono wako uweze kuvumilia joto lile. Jiko la mafuta ya taa halifai, harufu huingia yote. Ya pili ni mchele: ukaange mkavu mpaka uanze kubadilika rangi, upoze ndani ya chupa iliyofungwa, kisha funga vijiko viwili katika kitambaa na ukiweke pamoja na tumbaku kidogo ndani ya chupa ndogo usiku mmoja. Mchele usiokaangwa haufanyi kitu, kwa sababu wenyewe umeshashiba unyevu wa dukani.

Kabla ya kujaza, ipitishe tumbaku katika chujio pana ili unga udondoke. Unga ndio unaoziba tundu. Puliza ndani ya shilamu uhakikishe njia iko wazi.

Kisha jaza kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza usisukume chochote. Dondosha nyuzi kutoka juu zianguke kwa uzito wake mpaka ukingoni, ugongegonge ubavu wa bori kwa kidole, halafu shindilia kwa upole mpaka zifike nusu. Ukibonyeza kwa kidole zirudi juu kidogo zenyewe. Awamu ya pili jaza tena mpaka ukingoni na ushindilie mpaka robo tatu, nguvu kidogo zaidi. Ya tatu ipite ukingo kama kilima kidogo, uishushe mpaka ibaki milimita 2 au 3 chini ya ukingo, na hapa ndipo unapokaza. Chini laini, juu imara. Sababu ni kwamba kadiri moto unavyoshuka, lami na maji ya moshi hukusanyika katika tumbaku ya chini na kuivimbisha, na wewe mwenyewe huku juu unashindilia majivu. Chini pakiwa pamekazwa tangu mwanzo, katikati ya kiko njia itaziba.

Baada ya kila awamu vuta bila ya moto. Upinzani uwe ule wa kunywa maji ya dafu kwa mrija: nguvu kidogo, hakuna kupigania. Ukihisi kama mrija umegota kwenye nyama ya dafu, usijitie kuchokoachokoa kwa kijiti ukidhani patafunguka. Mwaga yote, anza upya. Ni gramu 2 tu na hazijaungua. Ikiwa hewa inapita kana kwamba bori ni tupu, ongeza tumbaku juu na ukaze. Moto wa bori lililolegea hukimbia upande mmoja na kutoboa handaki.

Miezi ya masika mimi hubadilisha mambo mawili. Chini kabisa hutanguliza chembe iliyokauka kuliko nyengine, kiasi cha kuziba ukucha, ipokee maji yatakayoshuka. Na bori silijazi lote, huishia robo tatu. Kiko kifupi kinamalizika kabla ya maji kupata nafasi.

Kuwasha kunahitaji moto mara mbili. Njiti ya kibiriti iache iungue kwanza sekunde 2, kiberiti chake kiondoke, ndipo uipeleke juu ya bori na kuizungusha huku ukivuta pafu fupi fupi. Tumbaku itafura na kuinuka juu ya ukingo. Ndivyo inavyotakiwa. Ishushe kwa kishindilio bila ya kukandamiza, uzito wa kishindilio chenyewe unatosha. Kichwa cha msumari mnene kilichosuguliwa kinafaa kabisa. Washa tena, uso mzima wa bori uwe mwekundu. Upepo ni adui hapa. Pale Forodhani au Mizingani jioni, upepo wa bahari huingia borini na kuwasha tumbaku haraka kuliko unavyovuta wewe, na ukuta wa mbao unaweza kuungua upande mmoja. Geuka uupe mgongo, ziba bori nusu kwa kiganja, au tafuta kichochoro.

Mwendo ni pafu mbili au tatu kwa dakika, za mdomoni tu. Moshi wa kiko haushushwi mapafuni. Weka bori shavuni: ukishindwa kulivumilia sekunde 3, umevuta mbio. Likizimika lisikutie haya, shindilia, washa.

Malio ni ya kiko cha maji. Kiko kikavu kikilia, maji yameshakusanyika katika digali, na chanzo ni tumbaku iliyolowa, au mvutaji anayetia mate, au pupa. Pitisha unyoya wa kuku kupitia shilamu mpaka chini ya bori bila ya kukichomoa chochote, uukaushe, urudie. Usiitoe shilamu kiko kikiwa na moto. Mbao ya digali imetanuka, na ukiipindua hupasuka. Ulimi kuungua nao si moto peke yake. Tumbaku yenye maji hutoa mvuke, na mvuke hubeba joto mdomoni kuliko moshi mkavu. Nawe kwa kuwa inagoma kuwaka unazidi kuvuta kwa nguvu. Kubadilisha tumbaku hakusaidii kitu kama hiyo mpya nayo haijakaushwa.

Nikotini huingia hata bila ya kuvuta mapafuni. Kizunguzungu, jasho la baridi na kichefuchefu humpata zaidi mwenye tumbo tupu, na Ramadhani wapo wanaoanza na kiko kabla ya kula kisawasawa. Futuru kwanza. Ikishakushika, weka kiko chini, kula tende na unywe maji. Nisifiche pia kwamba moshi huu husababisha saratani ya mdomo na ya koo hata kwa asiyeushusha, na chumba chenye mtoto si mahali pake.

Kiko kikipoa, mwaga majivu, pitisha unyoya, na ufute ndani ya bori kwa karatasi laini. Ukoko mweusi unaobaki ukutani uache. Hukinga mbao na moto. Ukifika milimita 1 na nusu ukwangue kwa kisu butu, kwa kuwa ukoko mnene hutanuka kuliko mbao na kulipasua bori. Ulaya husema kikipumzika siku moja kinatosha. Huku kipe siku tatu, kimelazwa mahali penye hewa, shilamu imechomolewa baada ya kupoa. Ukikitia mkobani kingali na unyevu, ndani kitafanya ukungu. Kwa kusafishia usitumie ile spiriti ya kuwashia iliyotiwa rangi, huweza kuwa na methanoli, nayo ni sumu.

Tumbaku igawe katika chupa ndogo za kioo zenye mfuniko wa mpira, gramu 20 hadi 25 kila moja, ufungue moja tu kwa wakati. Chembe zinazong'aa juu ya majani mara nyingi ni sukari, hazina neno. Utando mweupe wenye manyoya na harufu ya godoro lililolowa ni ukungu, na hapo hutupwa chupa nzima, si sehemu iliyoonekana tu. Friji haisaidii: chupa baridi ikifunguliwa katika joto letu, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya tumbaku ndani ya dakika chache.