Gemu ya mtandaoni ikiyumba, ipunguze kwanza

Concord, gemu ya risasi ya mtandaoni ya Sony, ilizinduliwa tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40. Upande wa Steam, duka la gemu za kompyuta, idadi kubwa kabisa ya watu walioonekana ndani yake kwa wakati mmoja ilikuwa 697. Tarehe 6 Septemba Sony iliizima na kurudishia wanunuzi pesa zao. Tangu hapo, gemu yoyote ikianza kuyumba watu hukimbilia chati ya Steam, wanatazama namba moja, kisha wanatangaza msiba.

Namba hiyo peke yake haitoshi kutoa hukumu. Gemu yenye watu 500 inaweza kuendelea kwa miaka, na yenye 50,000 ikafungwa mwaka huohuo. Inategemea kama waliopo wanabaki, kama wanapata wenzao haraka wakitaka kucheza, na ni mishahara mingapi inayotegemea pochi zao. Kwa hiyo ushauri wangu kwa timu iliyobanwa ni uleule kila mara: punguza gemu ifikie ukubwa wa watu ulionao, halafu ndiyo utafute wapya. Timu nyingi hufanya kinyume, zinamaliza akiba kwenye matangazo, zinakuja kupunguza wakati hakuna tena cha kupunguza.

Anza kwenye hifadhidata. Panga wachezaji kwa tarehe waliyojiunga, kisha hesabu wangapi kati ya kila kundi walirudi siku ya 1, ya 7, ya 30, ya 60 na ya 90. Kwenye gemu za simu kuna kipimo cha mazoea cha asilimia 40, 20 na 10 kwa siku ya 1, ya 7 na ya 30. Mimi sikitilii maanani sana. Nachotazama ni mstari wa wanaorudi kwenye chati unafanya nini baada ya siku ya 30. Ukilala, hata kama umelala kwenye asilimia 3, kuna watu wamehamia humo na gemu inaokoleka. Ukizidi kuteremka hadi sifuri, kununua matangazo ni kujaza maji kwenye pakacha. Waliokuja kwa ofa ya wikiendi ya bure watenge pembeni, maana wakichanganywa na wengine watauvuta mstari chini na utadhani gemu nzima inakufa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukipata wachezaji wapya 3,000 kwa mwezi, na kila mmoja akikaa wastani wa miezi 2, utakuwa na watu hai 6,000. Ukitaka 12,000, ama ununue matangazo mara mbili kila mwezi bila kukoma, ama uwafanye wakae miezi 4. Hiyo ya pili unaigharamia mara moja.

Sasa foleni ya kungoja mechi ijae, ambako ndiko gemu nyingi za mashindano hufia. Tuchukue gemu ya risasi ya watano kwa watano, mechi ya dakika 20, watu 500 mtandaoni saa ya kilele. Mchezaji akimaliza mechi anazubaa kidogo kwenye menyu, anabadilisha silaha, anarudi foleni. Tuseme mzunguko wake wote ni dakika 25. Maana yake ni kwamba kila dakika watu 20 wanabonyeza kitufe cha kucheza. Watu 20 kwa dakika si haba, mechi mbili zinajaa.

Lakini angalia timu nyingi zinavyowagawa. Kanda tatu za seva, aina tatu za mechi, ngazi nne za ustadi: tayari ni foleni 36. Wale 20 wakigawanywa kwa 36, kila foleni inapata mtu mmoja karibu kila dakika mbili. Kupata kumi kunachukua dakika 18. Aliyetangulia anangoja karibu muda wa mechi nzima, na hakai kimya: anatoka, anafungua gemu nyingine, foleni inarudi nyuma. Wanaosubiri nao mzunguko wao umerefuka, kwa hiyo wanaoingia foleni kila dakika wanazidi kupungua. Saa hiyohiyo dashibodi inaonyesha watu 500 na msimamizi haelewi kwa nini maoni yote yanasema gemu ni tupu.

Bakiza aina moja ya mechi na kanda mbili, ondoa kuta za ngazi, na foleni zinakuwa mbili. Watu kumi kwa dakika kila upande. Mechi inajaa ndani ya dakika moja. Idadi ya wachezaji haijabadilika hata mmoja. Aina nyingine za mechi zisifutwe, ziwekwe kwa zamu: hii wiki hii, ile wiki ijayo. Kwa saa za usiku mkubwa, watu wakiwa 80 tu, hata foleni mbili zitahitaji kama dakika sita, na hapo ndipo boti, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta, wanapofaa.

Kubomoa kuta za ngazi kuna gharama yake, tusidanganyane. Mgeni wa siku ya kwanza atakutana na mkongwe wa saa elfu mbili, atauawa mara 15 asielewe risasi ilitoka wapi, na hatarudi. Tiba yake ni kuwapa wageni mechi zao tano au kumi za kwanza dhidi ya boti, kisha kuwaingiza taratibu. Fortnite yenyewe, ambayo haikuwa na shida ya watu, iliingiza boti mwaka 2019, na PUBG ikafuata mwaka 2020. Sharti langu ni moja: boti wasiguse alama za mashindano. Mkongwe akigundua cheo chake amekipata kwa kuwapiga boti, umempoteza yule uliyekuwa ukimtegemea.

Nguvu ya kuwaweka watu pamoja inaonekana kwa EVE Online, gemu ya vyombo vya anga: imeishi tangu 2003 na haijawahi kuwa na umati wa zile gemu kubwa. Nje ya China wachezaji wake wote wako kwenye ulimwengu mmoja, seva inayoitwa Tranquility. Watu elfu chache waliokaa pamoja wanapigana, wanauziana, wanasalitiana. Wangegawanywa kwenye seva kumi, kila moja ingekuwa jangwa.

Kufunga kanda ndiyo hatua inayoumiza zaidi, na kwetu Afrika Mashariki inatugusa moja kwa moja. Gemu nyingi hazina seva Afrika. Zenye nazo huziweka Afrika Kusini, Cape Town au Johannesburg. Anayecheza Dar es Salaam kwenye seva ya Frankfurt kwa kawaida ana pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, ya juu ya milisekunde 100. Kwa gemu ya karata au ya kupeana zamu hilo halina neno. Kwa gemu ya risasi, anakufa akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta. Wengi hudhani seva ya Ghuba itakuwa jibu, kwa kuwa kebo ya baharini ya TEAMS inaunganisha Mombasa na Fujairah, huko Falme za Kiarabu, tangu 2009. Inaweza kuwa, lakini njia ya pakiti huamuliwa na mikataba ya kampuni za intaneti wala si ramani. Data ya kwenda Dubai inaweza kuzungukia Ulaya kwanza. Kabla ya kufunga au kufungua kanda, pima pingi halisi za wachezaji wako kwa kila mtandao wanaotumia, wa simu na wa nyumbani, na upime jioni, kwa sababu saa nne asubuhi kila mtandao unapendeza.

Tuje kwenye pesa, na gemu yetu ni ileile. Watu 20,000 kwa mwezi, 4,000 kwa siku, kila mmoja saa moja na nusu: saa 6,000 za uchezaji kwa siku, wastani wa watu 250 kwa wakati mmoja na 500 jioni. Tuseme asilimia 4 wananunua kitu, wastani wa dola 12 kwa mwezi. Hao ni watu 800 na dola 9,600. Steam inachukua asilimia 30, na haishushi hadi 25 mpaka gemu ivuke mauzo ya dola milioni 10. Zinabaki 6,720.

Seva ikituma kilobaiti 30 kwa sekunde kwa kila mchezaji, ni megabaiti 108 kwa saa. Zidisha kwa saa 180,000 za mwezi upate terabaiti 19 na ushee. Kwa bei ya orodha ya AWS, huduma ya seva za wingu ya Amazon, Ulaya au Marekani, senti 9 kwa gigabaiti na kushuka kidogo baada ya terabaiti 10 za kwanza, utalipa karibu dola 1,700 kwa data inayotoka tu, kabla ya kulipia mashine. Kampuni zinazokodisha mashine nzima, kama Hetzner na OVH, kwa seva zao nyingi hazitozi trafiki. Mechi 50 za saa ya kilele, kila moja ikila kiini kimoja cha prosesa, zinaenea kwenye mashine nne za viini 16 na akiba inabaki. Bili nzima inashuka hadi mamia ya dola. Unachopoteza ni uwezo wa kuongeza mashine ndani ya dakika, lakini gemu iliyotulia kwenye watu 500 haiuhitaji. Weka msingi kwenye mashine za kukodi, na wingu libaki kwa siku za sasisho kubwa.

Hata hivyo seva si mzigo mkubwa. Mishahara ndiyo. Zile dola elfu sita hazimlipi hata mhandisi mmoja wa San Francisco. Zinaweza kuibeba timu ya watu watatu mahali ambapo maisha ni nafuu, wakijua wanachofanya na wakikubali sasisho moja kwa robo mwaka badala ya kila wiki. Ukipandisha wanaonunua kutoka asilimia 4 hadi 6, baada ya kato unabaki na dola 10,080. Hiyo inawezekana bila mchezaji mmoja mpya: pasi ya msimu isiyoharakishwa, skini (mavazi na mapambo ya wahusika na silaha) ambazo wakongwe wamezipigia kura, na malipo yanayowafikia watu. Kwa mchezaji wa Kenya au Tanzania mwenye pesa za simu bila kadi ya benki, duka lisilopokea pesa za simu ni duka lililofungwa. Usichouza ni nguvu. Silaha ya dola 5 inayomshinda asiyelipa itakupa mwezi mmoja mzuri na miezi mitatu ya foleni inayofifia.

Hapa mtu hutaja Final Fantasy XIV. Kweli, ilifufuka. Ilitoka 30 Septemba 2010 ikiwa mbovu kiasi kwamba Square Enix ilikaa zaidi ya mwaka bila kutoza ada ya mwezi. Naoki Yoshida alikabidhiwa mradi huo Desemba 2010. Alieleza baadaye kwamba chungu kimoja cha maua kilikuwa na poligoni (vipande vidogo vinavyounda umbo) 1,000 na mistari 150 ya msimbo wa kukipaka mwanga, sawa na mhusika wa mchezaji. Ndiyo sababu kompyuta za wachezaji zilikuwa zinapumulia mashine. Timu iliendelea kuirekebisha ile ya zamani huku ikijenga mpya pembeni, ya zamani ikazimwa 11 Novemba 2012, na A Realm Reborn ikatoka 27 Agosti 2013. Kwa karibu miaka miwili kampuni ililipia gemu mbili ili iuze moja. Ilikuwa na jina la kulinda na gemu nyingine za kulisha mradi. Kama huna vyote viwili, huo si mfano wako.

Mfano wa karibu zaidi ni Star Wars: The Old Republic. Ilitoka Desemba 2011 kwa ada ya mwezi, watu wakaanza kuondoka, na Novemba 2012 ikafungua mlango wa bure. Mwaka 2019 EA, kampuni inayoimiliki, ilisema mapato yake tangu kuanza yanakaribia dola bilioni moja. LawBreakers, gemu ya risasi, nayo ilijaribu bure, ila Juni 2018, wakati studio ilikuwa imeshafungwa mwezi uliotangulia. Seva zikazimwa 14 Septemba. Tofauti ni kwamba ya kwanza iligeuka ikiwa bado na wafanyakazi, maudhui ya kuuza na watu wa kuwapokea wageni. Kugeuka bure huleta wimbi la wiki mbili, na wadanganyifu juu yake, kwa kuwa akaunti mpya haiwagharimu kitu. Bila kinga dhidi yao siku hiyohiyo, wimbi linaondoka na wakongwe wako. Wale walionunua kwa bei kamili wapewe kitu kinachoonekana, si asante ya barua pepe.

Kama tatizo ni hitilafu, simamisha vitu vipya. Rainbow Six Siege ilitoka Desemba 2015 na matatizo tele ya seva. Mwaka 2017 Ubisoft ilitumia msimu mzima, Operation Health, kwa marekebisho bila ramani mpya. Wachezaji walinung'unika, lakini walibaki.

Na kama mstari wa kubaki unaelekea sifuri, panga kufunga ukiwa na akiba ya angalau miezi mitatu. Zima mauzo kwanza, tangaza tarehe, wape watu programu ya seva. Studio ya Velan walifanya hivyo na gemu yao ya Knockout City: ilizimwa Juni 2023, na wakatoa toleo la kompyuta linalokuruhusu kuendesha seva yako mwenyewe. Gemu ya City of Heroes ilizimwa na kampuni yake, NCsoft, Novemba 2012 bila njia kama hiyo, wachezaji wakaiendesha kivyao, na Januari 2024 kundi la Homecoming likapata leseni rasmi. Inaendeshwa na watu wa kujitolea, kwa michango ya wachezaji. Haina faida kwa maana ya mwekezaji, ila bili zake zinalipwa.