Lipe jua kisogo: je, wajua mimi ni nani?

Kitendawili!

Tega!

Lipe jua kisogo ndipo unione.
Nikaribie, nasogea, rudi nyuma, nakufuata.
Adhuhuri sitoki nyumbani.
Wawili hawanioni mmoja.

Niliwategea wapwa zangu kitendawili hiki jioni moja umeme ulipokatika. Mkubwa alijibu haraka: mwezi. Si jibu la ovyo. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua likizama magharibi, kwa hiyo ukiutazama umelipa jua kisogo. Ukitembea, unatembea nawe. Adhuhuri huuoni. Unajibu mistari mitatu sawasawa, kisha unakwama kwenye wa nne, maana mwezi ninaouona mimi ndio huo huo unaouona wewe.

Mdogo akasema: kivuli. Naye akakwama pale pale. Kivuli changu wewe unakiona, hata kukikanyaga unaweza. Walipochoka wakanipa Tanga, nikaikataa, wakanipa Mombasa, nikaupokea mji wangu na kutoa jibu: upinde wa mvua, ambao wengine huuita kisiki cha mvua.

Lakini yule aliyejibu kivuli nilimwambia hakukosea sana. Ukitaka kuuelewa upinde wa mvua, anza na kivuli chako.

Jua likiwa nyuma yako, kivuli cha kichwa chako huanguka mahali fulani mbele yako. Mahali hapo ndipo katikati ya duara la upinde. Ndiyo, duara: upinde tunaouona ni kipande tu cha mviringo mzima ambao sehemu yake ya chini imezibwa na ardhi. Kutoka kwenye kivuli cha kichwa hadi kwenye ukingo mwekundu wa upinde ni pembe ya nyuzi 42. Huhitaji chombo cha kupimia. Nyosha mkono mbele, tanua vidole upate shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shubiri ya mkono ulionyooka ni kama nyuzi 20 na kidogo. Basi shubiri mbili kutoka kivuli cha kichwa chako, upande wowote, ndipo upinde ulipo au ndipo ungekuwapo kama kungekuwa na matone.

Kwa nini nyuzi 42 na si 30 au 60? Jibu limo ndani ya tone. Matone madogo ya mvua hayana umbo la chozi kama tunavyoyachora. Ni ya mviringo kama gololi. Mwale wa jua ukiingia ndani ya gololi hiyo ya maji hupinda kidogo, huenda kugonga ukuta wa nyuma, sehemu yake ikaakisiwa, kisha ikatokea upande ule wa mbele ikipinda kwa mara ya pili. Mwale uliopita katikati kabisa ya tone hurudi moja kwa moja ulikotoka. Ulioingia pembeni kidogo hurudi kwa pembe kubwa zaidi, na pembe huzidi kukua kadiri mwale unavyosogelea ukingo wa tone, hadi kufika nyuzi 42 hivi. Hapo ndipo mwisho. Miale inayoingia ukingoni zaidi huanza tena kurudi kwa pembe ndogo.

Fikiria embe ulilolirusha juu. Likikaribia kilele hupunguza mwendo, husita, ndipo huanza kushuka. Ungelipiga picha kila mara lilipokuwa hewani, picha nyingi zingelikuta karibu na kilele kuliko kwingineko. Nuru ndani ya tone hufanya hivyo hivyo: hurundikana kwenye nyuzi 42, pale pembe inaposita kabla ya kurudi chini. Rundo hilo la nuru ndilo upinde. Na kwa kuwa hakuna nuru ya namna hiyo inayovuka nyuzi 42, mbingu ya ndani ya upinde huwa nyeupe kuliko ya nje. Wengi wetu tumeutazama upinde miaka yote bila kuliona jambo hilo. Ukishaliona mara moja, huachi kuliona.

Rangi hutokea kwa sababu kila rangi hupinda kwa kiasi chake ikipita majini. Kilele cha nyekundu ni nyuzi 42, cha urujuani ni karibu nyuzi 40, na nyingine zimejipanga katikati. Zile rangi saba tulizokaririshwa shuleni ni hesabu ya Isaac Newton. Mwanzo alizitaja tano, baadaye akaongeza mbili, akipenda zilingane na sauti saba za muziki. Upindeni kwenyewe hakuna mipaka. Rangi moja huyeyukia katika nyingine.

Walioitegua siri ya tone walikuwa wawili, na hawakujuana. Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi alijaza maji katika tufe la kioo, akalifanya kuwa tone moja kubwa la mvua, akaufuata mwanga ukiingia na kutoka. Miaka hiyo hiyo, mtawa Mjerumani Theodoric wa Freiberg alikuwa akifanya jaribio la namna hiyo hiyo. Hesabu ya kuonyesha kwa nini miale hurundikana kwenye nyuzi 42 ilichapishwa na Mfaransa René Descartes mwaka 1637. Hakuna aliyehitaji kupanda mawinguni. Chombo cha kioo na maji vilitosha, na jambo hilo hunigusa kila nikilikumbuka.

Sasa mstari wa tatu, ambao ni wa kwetu hasa. Jua likipanda, kivuli cha kichwa chako hujongea kuelekea miguuni, na duara zima la upinde huteremka nacho. Jua likivuka nyuzi 42 kutoka upeo wa macho, kilele cha upinde nacho huwa kimezama chini ya upeo. Afrika Mashariki jua la adhuhuri haliwi chini kiasi hicho mwezi wowote wa mwaka. Dar es Salaam, hata Juni, hufika karibu nyuzi 60. Ndiyo maana Nairobi au Dar es Salaam, ukiwa umesimama uwanda wa tambarare, upinde angani ni wa kabla ya saa tatu na nusu asubuhi hivi, au wa baada ya saa tisa na ushee alasiri. Wa asubuhi utazame magharibi, wa jioni utazame mashariki. Nyanda za juu za Kenya mvua nyingi hunyesha alasiri, ndiyo maana watu wa huko wamezoea kuuona upande wa mashariki. Mtu wa London angekipinga kitendawili changu: kwao Desemba jua la saa sita mchana hupanda nyuzi 15 tu, na upinde hutoka adhuhuri bila shida.

Kuna njia ya kumtoa nyumbani adhuhuri hata huku: yashushe matone yawe chini yako. Ukimwagilia bustani kwa mpira wa maji saa sita, utazame manyunyu yaliyo karibu na ardhi, utamkuta. Aliye juu ya ukingo wa maporomoko humwona vilevile, na abiria wa ndege wakati mwingine hupata duara zima. Kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, humwona hata usiku wa mwezi mpevu. Hapo unaupa kisogo mwezi, na upinde unaonekana mweupe mweupe, kwa kuwa jicho letu halitambui rangi vizuri katika nuru hafifu.

Mara nyingine upinde wa pili hutokea nje ya wa kwanza, umefifia na rangi zake zimegeuzwa, nyekundu ikiwa ndani. Huo ni wa nuru iliyoakisiwa mara mbili ndani ya tone. Unakaa nyuzi 51, shubiri mbili na nusu. Kati ya pinde hizo mbili mbingu ni nyeusi kuliko kwingine kote, na ukanda huo wa giza una jina la Alexander wa Aphrodisias, mwanafalsafa aliyeuandika karibu mwaka 200.

Nimeuacha mstari wa nne makusudi, maana ndio niupendao. Upinde hauko mahali. Hauko kilomita mbili mbele, juu ya kile kilima. Ni pembe kati ya jua, tone na jicho, na ukihamisha jicho umehamisha upinde. Ndiyo maana ukiufuata unakukimbia: kila hatua unachukua nuru kutoka kwa matone mengine. Jirani yako aliyesimama bega kwa bega nawe ana matone yake. Hata jicho lako la kulia halipokei nuru ya matone yale yale ya jicho la kushoto.

Siku ya pili yake, saa kumi jioni, niliwatoa wale wapwa uani, nikafungua bomba na kuziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole ili maji yawe manyunyu. Wakasimama wamelipa jua kisogo, mmoja huku, mwingine hatua tatu pembeni. Nikawaambia kila mmoja aonyeshe kwa kidole kitovu cha upinde anaouona. Vidole vikaelekea sehemu mbili tofauti. Mkubwa akadai mdogo wake amekosea. Mdogo akatazama chini, akainua mkono, na kivuli chake nacho kikainua mkono. Akasema, “Mjomba, changu kipo kwenye kivuli cha kichwa changu. Na chake kipo kwenye chake.”