Sanduku la maoni likiwa tupu, bosi usifurahi

Juzi tena. Kampuni ya utalii hapa hapa Arusha, upande wa Njiro, mkurugenzi ananizungusha ofisini mpaka kwenye korido, ananionyesha sanduku la maoni lililofungwa ukutani na kuniambia kwa kujiamini kabisa, "Dada, hapa kwangu watu wameridhika. Miaka miwili sasa hakuna hata karatasi moja." Mimi nimekuwa HR, yaani afisa rasilimali watu, wa kuajiriwa na sasa natoa ushauri, jumla miaka 14, mahotelini, mashamba ya maua kule Usa River, kampuni za safari, na hiyo kauli nimeisikia mpaka imenichosha. Mtu asipolalamika haina maana ameridhika!

Nimalize habari ya sanduku kwanza. Liko hatua tatu kutoka mlango wa mkurugenzi na juu yake kuna kamera. Nikauliza ufunguo anao nani, kumbe uko kwenye funguo zake mwenyewe, umening'inia pamoja na wa gari. Tukafungua. Vumbi, ganda la pipi, na karatasi moja imekunjwa na kukunjwa tena mpaka imekuwa ndogo kama kidonge, imeandikwa kwa herufi kubwa za kuchora ili mwandiko usijulikane: CHAI. Basi, neno moja. Nilipouliza jikoni nikaambiwa chai ya saa nne ilifutwa 2020 utalii ulipolala kwa sababu ya korona, watu wakaelewa, msimu ukarudi, wageni wakajaa, chai haikurudi. Mtu mzima anataka kikombe cha chai kazini na anaogopa hata kuandika sentensi nzima. Na mkurugenzi aliposoma ile karatasi swali lake la kwanza halikuwa chai imekuwaje. Aliniuliza, "Nani kaandika hii?"

Sasa kuna wanaosema tatizo la wafanyakazi ni hela tu, ongeza mshahara watatulia. Hili napita haraka maana limejadiliwa sana. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu kama 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani, akasema yanayomchukiza mtu kazini na yanayompa moyo sio mstari mmoja. Mshahara mbovu, usimamizi mbovu, sera za ajabu vinaudhi, ukivirekebisha maudhi yanapungua lakini hujampa mtu sababu ya kuipenda kazi. Mimi nalikubali hilo nusu nusu. Watu wakisimulia wenyewe, mafanikio wanajipa wao na makosa wanampa bosi, wakosoaji wake walilisema hilo mapema tu, halafu wahandisi wa Pittsburgh sio mpishi wa kambi anayelipa kodi ya chumba Sombetini. Kwa mtu wa kima cha chini hela inabaki hela. Ila kwenye hii kampuni mishahara sio mibaya, inatoka tarehe 28 kila mwezi, na bado watu wamenyamaza kama wako msibani.

Hapa ndo nataka nikae, maana ukimya unafundishwa, watu hawazaliwi nao. Pale kuna dereva mmoja mkongwe, lugha anazo, wageni wanamwomba kwa jina. Kwenye kikao cha wafanyakazi, kile kikao ambacho bosi anasema "leo tuongee kwa uhuru kama familia", yule mzee akanyoosha mkono akauliza mbona safari ikiongezwa usiku mmoja posho ya huo usiku haionekani. Swali la kawaida, kaliuliza kwa heshima zote, kaanza na "naomba samahani". Bosi akacheka akasema litaangaliwa. Hakufokewa, hakuandikiwa barua, hakufukuzwa. Ila wiki iliyofuata jina lake halikuwepo kwenye ubao wa safari, na iliyofuata pia, na iliyofuata tena, mwezi Agosti, watalii wamejaa mpaka kampuni inakodi madereva wa nje. Yeye yuko yadi anaosha magari ya wenzake. Mshahara anapata kama kawaida, lakini aliyefanya kazi za safari anajua, dereva asipotoka hapati posho, hapati tipu, na tipu ndo ada ya shule ya Januari. Ofisi nzima wanapita yadi kila asubuhi wanamwona na ndoo. Unadhani kikao kilichofuata nani alinyoosha mkono?

Halafu wananiambia mbona hakwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, kama kaonewa. Aende na nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka mtu akaacha, hiyo nayo inahesabika ni kuachishwa, na mlalamikaji ana siku 30 za kufungua shauri. Vizuri. Lakini ina maana aache kazi kwanza, akae nyumbani, ndo aende kuthibitisha kwamba jina kukosekana ubaoni ilikuwa adhabu. Hakuna barua, hakuna onyo, meneja wa oparesheni atasema ratiba ndo ilivyokuwa, gari lake lilikuwa bovu, wageni waliomba mwingine. Nimeshakaa na kesi za namna hii na nasema wazi sijui namna nzuri ya kuzithibitisha. Semina zetu hazigusi hapo kabisa, zinaishia kwenye onyo la kwanza, la pili, la mwisho, wakati meneja mjanja haandiki onyo hata moja.

Na sisi HR tuna kosa letu. Dodoso zile za "jaza bila kuandika jina". Hotel moja niliwahi kuweka sehemu ya cheo, idara na miaka kazini, nikidhani inanisaidia kuchambua, kumbe idara ya jikoni mpishi wa keki mwenye miaka sita kazini alikuwa mmoja tu! Karibu wote waliweka tiki kwenye "nimeridhika sana". Nilipeleka ile ripoti na nikalipwa, na hilo linanikera mpaka leo. Mahojiano ya mtu anayeondoka nayo nayaamini kidogo tu. Kila mtu "amepata fursa nyingine" au "anaenda kusoma", kwa sababu huu mji ni mdogo, wenye kampuni wanapigiana simu, na mtu anahitaji asemwe vizuri kesho.

Kuna mchumi, Albert Hirschman, 1970 alieleza kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema. Wazo lilimjia akiangalia reli ya Nigeria. Huduma ilikuwa mbovu lakini haikurekebishwa licha ya ushindani wa malori, na yeye akaona malori yenyewe ndo sababu, wale wateja ambao wangepiga kelele walikuwa wameshahamia barabarani. Hamisha hilo uje nalo Arusha. Dereva mzuri akichoka anakuwa frilansa, mhudumu mzuri anavuka kwenda Zanzibar, wanaobaki ni wenye mikopo na watoto shuleni, wanasema "sawa bosi", na bosi anadhani kabakiwa na waaminifu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ni notisi ya siku 28 iliyochapwa kwa adabu nyingi.

Kuna shamba la maua niliwahi kufanya nalo kazi, lina tawi la chama cha wafanyakazi lililo hai. Jumanne wanabishana na meneja kuhusu saa za ziada hadi sauti zinasikika getini, Jumatano wako kwenye greenihausi wanakata mawaridi. Wageni wakitembelea wanadhani kuna mgomo. Mimi pale nalala usingizi, kwa sababu mtu anayebishana bado anategemea kusikilizwa. Wa kumwogopa ni yule aliyekuwa mbishi halafu ghafla kawa mpole.

Kwa hiyo sasa nikifika kampuni siulizi sanduku. Naomba daftari la likizo, nani hajaenda siku zake 28 na kwa nini. Naangalia ruhusa za ugonjwa za Jumatatu. Naangalia ubao wa ratiba wa miezi mitatu nyuma.

Mkurugenzi nilimwambia chai irudi wiki hiyo hiyo bila kutafuta mwandishi, na kabla hajaitisha kikao kingine chochote amrudishe yule mzee barabarani, posho ya usiku wa ziada ilipwe na watu waone inalipwa. Chai imerudi, nimeambiwa na sukari ipo ya kutosha. Kuhusu dereva alisema atafikiria. Jana jioni HR wao kanitumia picha ya ubao wa wiki hii, safari tisa, nimesoma majina yote mara mbili. Halipo.