Mataji manane, na bado wanaitaja timu iliyofungwa: vikosi vya zamani vya Kentucky

Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kimetwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu wa vyuo mara 8: 1948, 1949, 1951, 1958, 1978, 1996, 1998 na 2012. Kaa na mashabiki wake mjini Lexington, uliza ni kikosi kipi cha zamani wanachokipenda kuliko vyote, na wengi watakutajia cha 1992. Kikosi hicho hakimo katika orodha hiyo. Hata nusu fainali hakikufika.

Mimi ni kocha wa vijana hapa Lexington, na wengi wa wachezaji wangu ni watoto wa familia zilizotoka Kongo, maana mji huu umepokea Wakongo wengi na Kiswahili utakisikia sokoni, kanisani na kwenye basi la shule. Vijana hao ndio hunibana na maswali: kocha, inakuwaje watu wazima wanasifu timu iliyofungwa? Nimetazama mikanda ya mechi hizo za kale kiasi cha kuchosha nyumba nzima, na jibu langu ni refu kidogo.

Kwanza, jimbo lenyewe. Kentucky halina timu ya NBA, ligi kuu ya kulipwa. Mji wa Louisville ulikuwa na Kentucky Colonels katika ABA, ligi nyingine ya kulipwa, lakini ligi hiyo ilipomezwa na NBA mwaka 1976, Colonels wakavunjwa. Mwaka huohuo Lexington ikafungua Rupp Arena, ukumbi wa watu zaidi ya 20,000, na timu ya chuo ndiyo ikawa mwenyeji wake. Kwa hiyo mapenzi ambayo majimbo mengine huwagawia wanamichezo wa kulipwa, hapa yote huangukia vijana wa chuo. Na kijana wa chuo kikawaida ana misimu minne ya kucheza. Shabiki anampenda huku akijua tarehe atakayoondoka.

Sasa rudi 1989. Katika uchunguzi uliofuatia madai kwamba kifurushi kilichotoka ofisi ya timu kwenda kwa baba wa mchezaji mpya kilikuwa na dola 1,000 taslimu, pamoja na mambo mengine yaliyofukuliwa, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliishushia Kentucky adhabu nzito: miaka 3 ya kuwekwa chini ya uangalizi, miaka 2 bila mashindano ya baada ya msimu, na msimu mzima bila kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Kocha Eddie Sutton alijiuzulu. Msimu huo walikuwa wameshinda 13 na kufungwa 19, jambo ambalo chuo hicho hakikuwa kimeliona kwa zaidi ya miaka 60.

Wenye vipaji wakubwa wakafungasha. Nani awalaumu? Kijana wa miaka 20 anayeota NBA hawezi kukaa mahali ambapo hataonekana. Lakini wanne walibaki: Richie Farmer wa Manchester na John Pelphrey wa Paintsville, wote kutoka milima ya mashariki ya jimbo, Deron Feldhaus wa Maysville, mji wa kando ya mto Ohio, na Sean Woods, mlinzi aliyetoka Indianapolis. Farmer na Pelphrey walikuwa wamepata tuzo ya mchezaji bora wa sekondari wa jimbo, kwa hiyo mashabiki waliwajua tangu wakiwa wadogo.

Akaja Rick Pitino, ameacha kuwafundisha New York Knicks ili achukue timu iliyopigwa marufuku. Alikuta wachezaji wachache, wengi wafupi, hakuna senta wa kutisha. Alichofanya kinafundishwa mpaka leo: akawakimbiza mpaka wakakonda, akaamuru wakabe uwanja mzima dakika zote 40, na wakipata mpira warushe kutoka nje ya mstari wa pointi tatu bila kuona haya. Wakati huo makocha wengi wa vyuo waliuona mtupo huo kama kamari. Msimu wa kwanza wakashinda 14, wakafungwa 14, na katika hizo 14 kulikuwamo ushindi wa 100–95 dhidi ya LSU, chuo cha Louisiana, kilichokuwa na Shaquille O'Neal. Msimu wa pili wakashinda 22 na kufungwa 6, wakiwa na rekodi bora kuliko timu yoyote ya SEC, ligi yao ya vyuo vya kusini-mashariki, ila kwa sababu ya adhabu hawakupewa taji. Msimu wa tatu mlango ukafunguliwa, na wale wanne walikuwa mwaka wao wa mwisho. Walikuwa pia na Jamal Mashburn, kijana wa Bronx mwenye mwili wa fowadi na mikono ya mlinzi. Bila Mashburn hadithi hii isingekuwapo, na wapenda simulizi za watoto wa nyumbani huwa wanamsahau haraka mno.

Machi 28, 1992, ukumbi wa Spectrum, Philadelphia: fainali ya kanda, mshindi anaingia nusu fainali ya taifa. Wapinzani, chuo cha Duke, walikuwa mabingwa watetezi. Mechi ilikwenda muda wa nyongeza. Katika kipindi cha pili Christian Laettner wa Duke alimkanyaga kifuani Aminu Timberlake wa Kentucky aliyekuwa amelala sakafuni, akapigiwa faulo ya kiufundi na kuachwa aendelee kucheza. Taja jina la Laettner Lexington leo uone nyuso zinavyobadilika. Mashburn, aliyekuwa na pointi 28, alimaliza faulo zake tano na kutolewa muda ukikaribia kwisha. Zikiwa zimebaki sekunde 2.1, Woods alipenya katikati na kuurusha mpira juu ya mikono ya Laettner, ukagonga ubao na kuingia. Kentucky 103, Duke 102.

Hapa ndipo makocha tunapobishana. Duke walilazimika kuanza mpira chini ya goli lao wenyewe, uwanja mzima mbele yao. Pitino aliamua asimweke mtu mbele ya Grant Hill, mrushaji. Badala yake Pelphrey na Feldhaus wakae na Laettner. Hesabu yake ilikuwa na mantiki: mtu wa ziada nyuma, mmoja mbele ya Laettner na mmoja mgongoni. Lakini Hill, aliyekuwa mrefu na bila bughudha, alipata nafasi ya kulenga. Tena hao mabeki wawili walikuwa wameonywa wasifanye faulo, na kwa haki, maana Laettner alikuwa hajakosa mtupo wowote siku hiyo. Ukimwambia mchezaji "usimguse", mwili wake hurudi nyuma wenyewe. Laettner akaudaka, akapata nafasi ya kudunda mara moja, akageuka, akarusha. 104–103. Alimaliza na 10 kati ya 10 za uwanjani na 10 kati ya 10 za mitupo huru, pointi 31. Mimi ningemsimamisha mtu mbele ya Hill. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na kitufe cha kurudisha picha nyuma.

Aprili mwaka huohuo chuo kiliwaita wale wanne mbele ya mashabiki Rupp Arena na kufanya kisichotarajiwa: jezi zao zikatundikwa darini pamoja na za magwiji. Hakuna kati yao aliyekuja kucheza NBA. Wanaitwa Wasiosahaulika, na hata yaliyokuja baadaye hayakulifuta jina hilo. Farmer alichaguliwa kuwa kamishna wa kilimo wa jimbo mwaka 2003, kisha mwaka 2014 akahukumiwa kifungo kwa matumizi mabaya ya mali ya umma. Jezi iko palepale.

Kwa kipimo cha mpira mtupu, kikosi bora ni cha 1996, na sioni ubishi. Tony Delk, Antoine Walker, Walter McCarty, Derek Anderson, Ron Mercer: wachezaji 9 wa kikosi kile walifika NBA. Walishinda 34 na kufungwa 2, na katika mechi moja dhidi ya LSU walifunga pointi 86 kabla ya mapumziko. Fainali waliwafunga Syracuse 76–67, Delk akitia mitupo 7 ya pointi tatu. Ukitaka kumfundisha kijana namna ya kukaba uwanja mzima, mwonyeshe timu hii. Kuna hata ushindani wa kirafiki kati ya wanaoipenda hii na wanaoipenda ya 1998, iliyokuwa nyuma ya Duke kwa pointi 17 kwenye fainali ya kanda na ikashinda 86–84. Wengi huiona 1998 kama deni la 1992 lililolipwa.

Ya 1978 inaheshimiwa zaidi ya kupendwa. Ilitakiwa kushinda tangu mwanzo wa msimu, kocha Joe B. Hall alibeba mabegani kivuli cha Adolph Rupp, kocha aliyemtangulia na ambaye ukumbi una jina lake, na msimu ule unakumbukwa kama msimu usio na shangwe. Kinachowachangamsha watu ni usiku mmoja: Jack Givens, kijana wa Lexington penyewe, kufunga pointi 41 katika fainali, 94–88 dhidi ya Duke.

Wazee hurudi nyuma zaidi. Wanataja Watano wa Ajabu wa 1948: Alex Groza, Ralph Beard, Wallace Jones wa Harlan, Cliff Barker na Kenny Rollins. Walichukua ubingwa, kisha wakaenda London na kurudi na dhahabu ya Olimpiki. Mapenzi hayo yana kidonda. Mwaka 1951 Groza na Beard, waliokuwa tayari NBA, walikamatwa kwa kupokea fedha za wacheza kamari ili kupunguza tofauti ya pointi walipokuwa chuoni, wakafungiwa maisha na ligi. Kentucky hawakucheza msimu wa 1952–53. Waliporudi walishinda mechi zote 25, halafu wakakataa kwenda kwenye mashindano ya taifa kwa sababu nyota wao watatu, Cliff Hagan, Frank Ramsey na Lou Tsioropoulos, hawakuruhusiwa kucheza kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuhitimu. Watu huuliza kama kiburi kile kilikuwa cha Rupp au cha jimbo zima.

Na 1966. Kikosi kile kiliitwa Mbilikimo wa Rupp, kwani hakuna katika watano wa kwanza aliyezidi futi 6 na inchi 5. Pat Riley, aliyekuja kuwa kocha maarufu wa NBA, alikuwemo. Walicheza mpira mtamu wa pasi, wakafika fainali na kufungwa 72–65 na chuo cha Texas Western, timu ya kocha Don Haskins iliyoanza na wachezaji watano Weusi. Kentucky ilikuwa ya Wazungu watupu. Mchezaji wa kwanza Mweusi wa Rupp, Tom Payne, alicheza msimu wa 1970–71. Nawaonyesha vijana wangu mechi hiyo, na kila mara wanaishangilia Texas Western. Siwazuii. Mzee anayewapenda Riley na mwenzake Louie Dampier kwa uchezaji wao simwoni kuwa na kosa, ila akinieleza usiku ule bila kutaja rangi, najua ameruka ukurasa.

Zama za kocha John Calipari zilileta swali jipya: utampendaje kijana anayekaa miezi minane kabla ya kwenda NBA? Mabingwa wa 2012 walishinda 38 na kufungwa 2. Anthony Davis alitia mtupo 1 tu kati ya 10 kwenye fainali, lakini akadaka ribaundi 16 na kuzuia mitupo 6, na akastahili tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Wachezaji 6 waliondoka kwenda NBA kiangazi hicho. Angalia hata hivyo nani anasimuliwa kwa upole zaidi: Darius Miller, aliyekaa miaka 4, mzaliwa wa Maysville kama Feldhaus. Ya 2015 ilishinda mechi 38 mfululizo, ikafungwa na Wisconsin 71–64 katika nusu fainali. Inatajwa kwa kuguna.

Hapo ndipo vijana wangu huingia na jibu lao. Wao timu yao ni ya 2022, ya Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyechaguliwa mchezaji bora wa vyuo wa taifa zima. Wenyeji hawaitaji, kwani ilitolewa raundi ya kwanza na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, 85–79 baada ya muda wa nyongeza. Tshiebwe alikuwa na pointi 30 na ribaundi 16. Wenyeji wanaona aibu. Vijana wangu wanaona mtu wa kwao aliyedaka kila mpira wenzake wakiukosa, na ambaye mwaka uliofuata alirudi wakati angeweza kuondoka. Nikiwaambia kwamba ndivyo watu wa Paintsville wanavyomwona Pelphrey, wanacheka, lakini wanaelewa haraka kuliko ningewaeleza kwa ubao.

Tangu 2024 kocha ni Mark Pope, nahodha wa kikosi cha 1996, na karibu timu yake yote ya kwanza ilikuwa na wachezaji waliohama kutoka vyuo vingine. Kati ya waliopendwa kuliko kiwango chao walikuwamo vijana wawili wa jimbo: Travis Perry, mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya sekondari za Kentucky, na Trent Noah wa Harlan. Baada ya msimu mmoja Perry alihamia Ole Miss. Noah alibaki, na kila aliponyanyuka benchi ukumbi ulipiga kelele kabla hajagusa mpira.