Kwa Nini Pankeki ya Kimarekani Hufura, na Yako Hulala?

Mpishi wa Mombasa anayeijua kazi yake hatishwi na unga. Mahamri yake hufura hadi ukiyapasua unakuta mfuko mtupu unaongoja mbaazi. Vitumbua vyake vina ukoko nje na vishimo ndani. Mkate wake wa kumimina hupanda mpaka ukakaribia mdomo wa sufuria. Halafu siku moja watoto wanamwomba zile pankeki nene za Kimarekani, zinazopangwa nne tano kwenye sahani moja, siagi ikiyeyuka juu. Anapima, anakoroga vizuri, anafunika bakuli na kuliacha pembeni, kisha anapika. Kinachotoka ni chapati ya maji iliyonenepa kidogo, nzito, inayovutika ukiing'ata.

Kilichomponza ni huko kukoroga vizuri na huko kufunika bakuli. Mkono wenye nguvu na subira ndivyo vinavyofanya mahamri yake yasifiwe mtaa mzima, na hivyo hivyo viwili ndivyo vinavyoilaza pankeki. Unga huu unamtaka mpishi mvivu wa kukoroga na mwenye haraka ya kupika.

Kwa nini iwe hivyo? Tuanze na kinachoinua. Mahamri, vibibi na vitumbua huinuliwa na hamira, na hamira ni viumbe hai, vidogo visivyoonekana kwa macho. Hula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, polepole, kwa saa kadhaa. Ndiyo maana tui na mchele uliosagwa vikishatiwa hamira huachwa viumuke, na kadiri gesi inavyotoka ndivyo nyingine inavyotengenezwa. Mpishi akichelewa nusu saa hapotezi kitu. Pankeki ya Kimarekani haina hamira. Ndani yake mna soda na asidi, na vitu hivyo vikikutana na maji huanza kutoa gesi hapo hapo. Hakuna kiumbe cha kutengeneza nyingine. Gesi ikishatoka imetoka, na bakuli lililoachwa saa nzima lina hali ya chupa ya soda iliyofunguliwa asubuhi ikanywewa jioni.

Kwa hiyo unene wa pankeki ni mashindano ya muda. Gesi inapotoka, unga uwe tayari uko juu ya moto. Joto likishapita nyuzi 60 hivi, wanga wa ngano huanza kuvimba na kunyonya maji, na yai nalo huanza kuganda, kwa hiyo kuta zinazozunguka kila kiputo hukauka zikasimama. Gesi ikitoka kabla ya hapo inapotea hewani. Ikikuta kuta zimekwisha kuganda, haina pa kusukuma. Yote mawili yakikutana katika dakika moja mbili juu ya chuma, pankeki inapanda na haishuki tena. Mvuke nao husaidia, kwa sababu maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600. Chapati ya maji ina mvuke mwingi vilevile, ila ni nyembamba mno na unga wake ni mwepesi, kwa hiyo mvuke hupenya na kwenda zake.

Sasa hiyo soda. Wengi wetu tuna beking soda kabatini, na kuna anayefikiri kwamba akiitia peke yake kwenye maziwa mabichi itafanya kazi. Itafanya, lakini nusu nusu, na itamwachia ladha. Soda ikipata asidi ya kutosha hugeuka gesi, maji na chumvi kidogo isiyosumbua ulimi. Ikikosa asidi, moto pekee ndio unaoivunja: inatoa nusu tu ya gesi iliyokuwa nayo, na kinachobaki ni sodiamu kaboneti. Na sodiamu kaboneti tunaijua vizuri Kenya, kwani ndiyo sehemu kubwa ya magadi yale yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, Bonde la Ufa, ambayo wapishi hutia kwenye maharagwe ili yalainike upesi. Aliyewahi kuzidisha magadi kwenye sufuria ya maharagwe anaijua ladha hiyo ya sabuni. Akiionja kwenye pankeki yake, pamoja na umanjano usio wa yai, ajue soda haikupata mwenzake.

Na usije ukatumia magadi yenyewe kwa kudhani ni kitu kimoja. Ni makali zaidi, gesi yake ni haba, na hakuna sukari itakayoficha ladha.

Mwenzake soda, hapa kwetu, ni maziwa mala. Asidi iliyomo kwenye maziwa yaliyoganda inatosha kumaliza takriban nusu kijiko kidogo cha soda kwa kila kikombe kimoja. Kama huna mala, tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu kwenye kikombe cha maziwa, uache dakika tano yakatike. Tui la nazi halifai kwa kazi hii. Ni tamu na lina mafuta mazuri, lakini asidi yake ni ndogo sana, na soda iliyotiwa kwenye tui itaishia kwenye ile ladha ya magadi. Ukitaka pankeki za tui, na mimi ningekushauri uzijaribu, tumia beking poda, maana hiyo huja na asidi yake ndani.

Beking poda ndiyo iliyozifanya pankeki hizi ziwe za Kimarekani kweli. Kabla yake wapishi wa kule walitumia chumvi iliyotolewa kwenye majivu ya kuni, iliyosafishwa hadi ikawa nyeupe, na biashara hiyo ya majivu ilikuwa kubwa kiasi kwamba hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, ya kwanza kabisa iliyotolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia yake ya kutengeneza chumvi hiyo. Baadaye ikaja soda, lakini ilimlazimu mpishi awe na maziwa yaliyochacha, na ukali wa maziwa haupimiki: leo yamechacha sana, kesho kidogo. Mwaka 1843, mjini Birmingham, Uingereza, mkemia Alfred Bird alichanganya soda na asidi kavu katika unga mmoja, kwa sababu mkewe hakuweza kula chakula chenye hamira. Huko Marekani, Eben Horsford, profesa wa Harvard, alipata hataza mwaka 1856 ya asidi ya fosfeti iliyofaa zaidi kwa kazi hiyo. Tangu hapo mkate laini wa asubuhi haukuhitaji tena kuanza usiku.

Beking poda nyingi za madukani siku hizi zina asidi mbili. Ya kwanza huamka mara tu inapopata maji, bado bakulini. Ya pili hulala mpaka ipate joto la moto. Hiyo ya pili ndiyo inayokuokoa ukichelewa kidogo, kwa sababu hifadhi ya gesi inabaki hadi unga ufike kwenye chuma. Mala na soda peke yake havikupi nafasi hiyo.

Hapa Mombasa kuna adui mwingine ambaye mapishi ya mitandaoni hayamtaji, nao ni unyevu. Hewa ya pwani imejaa maji mwaka mzima, na msimu wa mvua, Aprili na Mei, hata chumvi hugoma kutoka kwenye kikopo. Beking poda ikivuta unyevu, soda na asidi hukutana mle mle ndani ya mkebe, zikamalizana kidogo kidogo kabla hujazinunua au miezi baada ya kuzifungua. Unga bado unaonekana mweupe na mzuri, ila nguvu haimo. Watengenezaji hutia wanga ndani yake makusudi ili unyonye unyevu huo, lakini wanga nao una mwisho. Kipimo ni rahisi: tia kijiko kidogo kwenye maji ya moto. Ukifoka povu kwa kelele, tumia. Ukitoa viputo viwili vitatu vya aibu, tupa, na ununue mkebe mdogo zaidi safari ijayo, ufunike vizuri, usiuweke karibu na jiko. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya pankeki nyingi kulala mji huu, kuliko kosa lolote la mpishi.

Upande mwingine, kuwa usawa wa bahari kunatufaa. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, hewa imepungua uzito, na gesi ile ile hutanuka zaidi, mpaka viputo vikapasuka kabla ya kuta kuganda. Ndugu aliye Nairobi anaweza kulazimika kupunguza beking poda kidogo. Wewe fuata kipimo kilivyo.

Turudi kwenye mkono. Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na kusukwasukwa hushikana zikawa nyuzi zinazovutika, zinazoitwa gluteni. Kwenye mahamri na chapati nyuzi hizo ni neema, maana ndizo zinazoshika gesi ya hamira saa nzima bila kupasuka, na ndizo zinazoruhusu chapati isukumwe ikawa nyembamba. Kwenye pankeki, ambayo haisubiri saa nzima, hazina kazi zaidi ya kuifanya iwe ngumu kutafuna. Kila mzunguko wa mwiko unaongeza nyuzi na kutoa gesi. Basi koroga mpaka usione tena unga mkavu, kisha acha, hata kama madonge madogo yamebaki. Najua inauma. Kwa aliyelelewa kwamba donge ni ushahidi wa uvivu, kuliacha donge ni mtihani. Lakini ukiacha bakuli dakika tano hadi kumi, muda wa chuma kupata moto, maji yatapenya kwenye madonge na nyuzi zitalegea. Dakika kumi tu, nimesema.

Siagi, samli au tui huzunguka zile protini na kuzizuia zisishikane sana, ndiyo maana pankeki isiyo na mafuta kabisa huwa kavu. Sukari nayo hufanya kazi hiyo, juu ya utamu wake.

Kwa familia ya watu wanne, changanya kwenye bakuli moja vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko vidogo 2 vya beking poda, nusu kijiko kidogo cha beking soda, nusu kijiko kidogo cha chumvi na vijiko vikubwa 2 vya sukari. Bakuli la pili piga mayai 2, tia vikombe 2 vya mala na vijiko vikubwa 3 vya samli iliyoyeyuka na kupoa kidogo. Soda ni ndogo kuliko mala inavyoweza kumaliza, kwa makusudi, ili uchachu kidogo ubaki ulimini. Ukitaka iliki, tia, Wamarekani hawatajua. Mimina bakuli la maji juu ya lile kavu, zungusha mwiko mara chache. Rojo liwe zito, likidondoka kwenye mwiko lidondoke kwa uvivu. Likitiririka, ongeza unga. Unga ulioandikwa kwamba unaumuka wenyewe una beking poda tayari. Huo usiuongezee nyingine.

Chuma cha chapati kinafaa sana, kwa sababu ni kizito na hushika joto sawasawa. Moto uwe wa wastani, na kwenye jiko la makaa ungojee makaa yashike jivu. Dondosha tone la maji: likirukaruka na kukauka, tayari. Paka mafuta kwa kitambaa, filamu tu, kwani mafuta yakisimama pankeki hukaangika kingo na kupata mabaka. Ile ya kwanza mara nyingi huwa mbaya kwa sababu hiyo, pamoja na chuma ambacho joto lake halijatulia. Mpe mwenye njaa zaidi.

Mimina upawa mmoja na usiutandaze. Kisha angalia juu: viputo vitatokea, vitapasuka, na mwanzoni matundu yake yatajifunga. Pale matundu yanapobaki wazi na kingo zikapoteza mng'ao, kuta zimeganda, geuza. Geuza mara moja tu, na usiibonyeze kwa mwiko, maana unachokisukuma nje ni ile gesi yote uliyoihangaikia. Rangi ya dhahabu iliyo chini imetokana na protini na sukari kuungana kwenye joto la nyuzi 140 na zaidi, badiliko lililoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Asidi nyingi hulizuia na soda hulichochea, kwa hiyo pankeki iliyoiva lakini imebaki nyeupe huenda imezidiwa mala ikapungukiwa soda.

Kule kwao humwagia utomvu wa mti wa mepo uliochemshwa, na ni ghali hata kwao, kwani lita 40 hivi za utomvu hutoa lita moja tu. Sisi tuna shira. Ile ile ya kaimati, iliyotiwa iliki, ila iache nyepesi kidogo, na uimwage mezani wakati wa kula. Ukiimwaga mapema vishimo vitainyonya yote, na ya chini kabisa kwenye sahani itakuwa imelowa chapachapa kabla mtu hajakaa.