Kurudi nyuma na pulingi: macho kwenye mkono wa tela

Dereva aliyezoea semi (tela ambalo mbele yake hulala juu ya gari linalolivuta) akikabidhiwa pulingi (tela lenye ekseli zake za mbele, linalovutwa kwa mkono wa chuma) kwa mara ya kwanza, mara nyingi hulikunja tela kabla hajarudi mita kumi. Hakosi uzoefu. Anafanya kilekile kinachofanya kazi kwenye semi, na kwenye pulingi kinaleta matokeo ya kinyume.

Semi ina kiungo kimoja, pale pini ya tela inapokaa juu ya hosi, yaani gari linalovuta. Pulingi ina viwili. Cha kwanza kiko nyuma ya gari, ambapo pini inapita kwenye jicho la mkono wa tela. Majicho mengi ni ya milimita 40 au 50. Cha pili ni lile duara la chuma lililobeba sehemu ya mbele ya tela, na chini yake zipo ekseli za mbele. Mkono na ekseli hizo hugeuka kwa pamoja, na hapa nitaviita doli.

Ukirudi nyuma, kila kiungo kinageuza upande. Kwenye semi, usukani ukienda kulia, kiuno cha hosi kinaenda kulia, kinasukuma pua ya tela kulia, na mkia wa tela unatoka kushoto. Kwenye pulingi, usukani ukienda kulia, nyuma ya gari inaenda kulia na kubeba jicho la mkono. Magurudumu ya doli yanaanza kuelekea kushoto, pua ya tela inafuata kushoto, na mkia wa tela ndio unakwenda kulia. Kwa hiyo unaanza kama unayerudisha gari lisilo na tela: ukitaka mkia uende kulia, zungusha kulia. Superlinki, yaani hosi yenye matela mawili yaliyofuatana, nayo ina viungo viwili na inafuata kanuni hiyohiyo, ila tela lake la kwanza ni refu kuliko mkono wa pulingi, hivyo mambo yanakuja taratibu na unapata muda wa kufikiri. Doli ni fupi, haikupi muda huo.

Ndiyo maana nasisitiza: usiuangalie mkia wa tela kwanza. Gari linaiongoza doli, na doli ndiyo inayoliongoza tela. Ukisubiri hadi mkia uonekane kwenye kioo, doli imeshapotea zamani.

Anza na kurudi moja kwa moja, katika uwanja mpana wenye urefu wa angalau mara tatu ya gari lote. Vuta mbele mita 20 au 30 hadi gari, mkono na tela vinyooke. Hakikisha difu loki (kifungio kinacholazimisha magurudumu ya nyuma ya gari yazunguke pamoja) haijafungwa, maana ikifungwa gari linakataa kugeuka. Weka rivasi ya chini kabisa, mguu usiguse akseleta, mwendo uwe wa chini kuliko mtu anayetembea. Kona ya mbele ya tela ikianza kujitokeza kwenye kioo cha kulia, doli inakimbilia kulia; ifuate kwa kuzungusha usukani kulia kidogo, robo mzunguko inatosha, kisha rudisha. Wanafunzi wengi wanasahau kurudisha. Marekebisho madogo ya mapema yanashinda makubwa yaliyochelewa, kila mara.

Kona ndiyo yenye kazi. Fanyia mazoezi upande wa dereva, yaani kulia kwa magari yetu mengi, kwa sababu unaweza kuchungulia dirishani. Zungusha kulia hadi mkono uanze kuvunja mstari. Mara tu uuonapo umevunja, usingoje, rudisha usukani kushoto, upite katikati, ili gari liifuate doli. Ukichelewa hapa doli inaendelea kujikunja yenyewe bila wewe kufanya chochote. Tela likishaanza kugeuka, endelea na kushoto hadi mkono urudi kulingana nalo, halafu zungusha kulia tena ulisindikize tela kwenye kona. Kulia, kushoto, kulia. Mzunguko wa tatu ndio mrefu. Miwili ya kwanza ni mifupi.

Mkono ukikaribia kuwa pembe mraba na gari au na tela, simama. Hakuna usukani wa kuokoa hali hiyo kwa kurudi nyuma. Vuta mbele mita tano hadi kumi, nyoosha, anza upya. Kung'ang'ania kunagharimu: mipira ya upepo na waya wa umeme vinakatika, matairi ya doli yanaburutwa kiubavu hadi kuchomoka kwenye rimu, na mkono wenyewe unapinda. Kumbuka kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na tela lake vyenye jumla ya ekseli saba. Sehemu kubwa ya uzito huo ikisukumwa kiubavu kupitia kipande kimoja cha chuma, chuma hakistahimili.

Tela tupu ni gumu zaidi kuliko lenye mzigo, hasa kwenye changarawe, kwa sababu matairi yanateleza badala ya kubingirika. Uwanja ukiwa na mteremko wa pembeni, doli huangukia upande wa chini. Na kabla ya kumlaumu dereva, kagua vyuma: bushi ya jicho iliyolika inachelewesha mwitikio kisha inaleta mruko, na duara lisilotiwa grisi linagoma, halafu linageuka ghafla.

Baadhi ya matela yana tundu na pini ya kulifunga duara ili pulingi irudi kama semi. Ni msaada mzuri sana kwenye mlango wa godauni. Lakini pini hiyo itolewe kabla ya kuvuta mbele. Ikisahaulika, tela litakataa kona ya kwanza, na kitakachovunjika ni pini au mkono.

Utingo asimame mahali unapouona uso wake kwenye kioo, kamwe si kati ya gari na tela. Kubalianeni ishara kabla ya kuanza, na mojawapo iwe ya kusimama, ya mkono, kwa sababu injini inameza sauti. Usipomwona, kanyaga breki hadi umwone tena.