Kitambi na moyo kijijini: yanayosemwa na ukweli wake

"Kitambi ni neema." Mafuta ya chini ya ngozi, yale yanayofinyika kwa vidole, si tishio kubwa. Ya kuogopa yamejificha ndani, yamezunguka ini na utumbo. Hayo humwaga kwenye damu kemikali zinazoiamsha kinga ya mwili kana kwamba kuna kidonda. Hali hiyo, inflamesheni, ikidumu miaka, kuta za mishipa huharibika na lehemu (kolesteroli) hupata pa kujishikiza.

"Uzito wangu wa kawaida, niko salama." Mizani haijui mafuta yamekaa wapi. Chukua tepu ya fundi cherehani, tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya nyonga, pima katikati yake, ukishatoa pumzi kawaida. Wengi hupima pale mkanda unapokaa, chini ya kitambi, wakadanganyika. Kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke asiye mjamzito ni onyo. Huna tepu? Kata kamba ya urefu wako, ikunje mara mbili. Isipozunguka kiuno ikakutana, mafuta yamezidi.

"Mkulima hapati ugonjwa wa moyo." Jembe husaidia, hilo kweli. Kwa Watsimane wa Bolivia, wanaolima, kuwinda na kuvua, utafiti wa 2017 ulikuta mishipa safi ajabu hata kwa wazee. Lakini kinga hiyo huja na kazi na chakula, haitokani na anwani ya kijiji. Utafiti uliochapishwa 2025 ulishirikisha wanaume 77 mkoani Kilimanjaro: walioacha ndizi, maharage na mboga wakala vyakula vya viwandani kwa wiki mbili tu, alama za inflamesheni zilipanda. Wiki mbili! Sasa fikiria soda na vya kukaanga kila siku gulioni.

"CRP ikipanda, moyo umeoza." CRP ni kipimo cha damu kinachoonyesha inflamesheni; malaria au kidonda kilichooza huipandisha vilevile. Ikizidi miligramu 10 kwa lita, maambukizi yatafutwe kwanza na kutibiwa, kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili au zaidi.

"Presha ningeisikia kichwani." Mara nyingi haisikiki kabisa. Kaa umetulia dakika 5, mkono juu ya meza usawa wa moyo, upimwe mara mbili. Ikifika 140/90 na siku nyingine ikarudi hivyo, hiyo ni presha ya kutibiwa hata kama jana ulilima ekari nzima.